Sanaa shirikishi na watu wenye ulemavu: lini inakuwa utafiti, na utafiti wa nani?

Swali la msomaji: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika idara ya sanaa za maonyesho. Nimepanga kufanya kazi kwa mwaka mmoja na kikundi cha watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali, wakiwamo viziwi, wasioona na wenye ulemavu wa akili, ili tutunge pamoja mchezo wa jukwaani. Msimamizi wangu anasema kazi hiyo ni njema, ila ni tiba au huduma kwa jamii, wala si utafiti. Kamati ya maadili inanitaka nifiche majina ya washiriki wote. Na mmoja wa wanakikundi ameniuliza wao watapata nini nikishahitimu, nikakosa la kumjibu. Nianzie wapi?

Jibu: Nakushukuru kwa kuliweka swali lako kwa uwazi. Msimamizi anauliza kama kazi hii ni utafiti, kamati inauliza kama ni salama, na mwanakikundi anauliza ni ya nani. Kwa maoni yangu hili la tatu ndilo linaloyabeba mengine, kwa sababu ukiweza kueleza nani ana mamlaka juu ya swali la utafiti, juu ya fedha na juu ya majina yatakayoandikwa kwenye kazi, utakuwa umepata pia sehemu kubwa ya majibu unayodaiwa na chuo. Kwa hiyo nitaanza nalo, ingawa najua lililokusukuma kuandika ni lile la msimamizi.

Swali la mwanakikundi huyo limewahi kuulizwa kwa uchungu mkubwa. Katika miaka ya 1960, wakazi wa Le Court, makao ya watu wenye ulemavu yaliyokuwa Hampshire nchini Uingereza, walikuwa wakipigania kuwa na sauti katika uendeshaji wa maisha yao ya kila siku, na ni wao wenyewe walioomba watafiti waje. Wakaja Eric Miller na Geraldine Gwynne wa Taasisi ya Tavistock. Ripoti yao, iliyochapishwa mwaka 1972, ilikiri kwamba jamii imekwisha kuwahesabu wakazi wa makao ya namna hiyo kuwa wafu kijamii. Lakini badala ya kuhoji kwa nini hali iwe hivyo, ikajielekeza kueleza jinsi makao yanavyoweza kuwasindikiza watu hao vizuri zaidi kutoka kifo cha kijamii hadi kifo cha mwili. Paul Hunt, aliyewahi kuishi Le Court, aliandika uhakiki mkali uliochapishwa mwaka 1981, miaka miwili baada ya kufariki kwake, ambamo aliwaita watafiti wa aina hiyo vimelea. Hoja yake ni kwamba waliojitangaza kuwa hawaegemei upande wowote walikuwa wameshaegemea tangu walipokubali mipaka ya swali iliyowekwa na wenye mamlaka, na kwamba waliofaidika na utafiti ule walikuwa watafiti wenyewe.

Huyo Hunt ndiye aliyeandika barua katika gazeti la The Guardian mwaka 1972 akiwaalika watu wenye ulemavu waunde umoja wao, na umoja huo, uliojulikana kwa kifupi kama UPIAS, ukatoa mwaka 1976 waraka uliotenganisha hitilafu ya mwili na ulemavu: hitilafu iko kwa mtu, ilhali ulemavu ni vizuizi ambavyo jamii inamwongezea mtu huyo. Mike Oliver, mwanazuoni aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu na aliyekuja kuwa profesa wa taaluma ya ulemavu katika Chuo Kikuu cha Greenwich, aliuingiza mtazamo huo katika mbinu za utafiti. Mwaka 1990 alichukua maswali ya dodoso la kitaifa la Uingereza kuhusu watu wazima wenye ulemavu na kuyageuza. Dodoso lilimtaka mhojiwa aeleze ni maradhi gani yanayomfanya apate shida kushika au kuzungusha vitu. Oliver akauliza ni kasoro gani katika muundo wa chupa, mitungi na makopo zinazoleta shida hiyo. Ukiyaweka maswali hayo mawili mbele ya mtu mmoja, kwa mkono uleule na chupa ileile, la kwanza linamwacha akijiona yeye ndiye tatizo, na la pili linamfanya mtaalamu wa chupa. Miaka miwili baadaye, katika makala ya mwaka 1992, Oliver alisema wazi kwamba kuboresha mbinu pekee hakutoshi endapo mahusiano ya kuzalisha utafiti yatabaki yalivyo, yaani mtafiti akiwa ndiye mwenye swali, fedha na neno la mwisho.

Sasa lipime swali lako la utafiti kwa kipimo hicho. Iwapo pendekezo lako linauliza kama mchezo wa kuigiza unaongeza hali ya kujiamini ya watu wenye ulemavu, basi msimamizi wako ana haki ya kusema ni tiba, maana kinachopimwa ni mabadiliko ya washiriki, na wenzako wamegeuzwa wagonjwa bila kuambiwa. Iwapo linauliza ni watu wangapi wamefikiwa na wamefurahi kiasi gani, hiyo ni tathmini ya huduma. Utafiti unaanza pale ambapo kinachotafutwa ni jambo lisilojulikana bado na wanaoifanya sanaa hiyo na wanaoifundisha, na ambapo kikundi chako kimesimama mahali pazuri zaidi kuliko mtu mwingine yeyote pa kulitafuta. Kwa mfano: ni nini kinachotokea kwa utungaji wa onyesho pale ambapo kutoka tendo la kwanza hakuna hata mtazamaji mmoja anayechukuliwa kuwa anaona na kusikia kila kitu? Hilo ni swali la kinadharia kuhusu jukwaa, na haliwezi kujibiwa na mtu aliyeketi maktabani.

Nilieleze kwa tukio moja dogo, kwa sababu hapa ndipo uzito wa hoja ulipo. Chukua kisa ambamo mhusika anaingia kimya, anatoa barua mfukoni, anaisoma, anaichana. Mtazamaji asiyeona hapati chochote. Suluhisho linalotumika kwa kawaida ni kumpa vifaa vya masikioni ambamo msimulizi anamweleza kinachoendelea, na hilo ni jema, ila huja baada ya mchezo kukamilika na halimgusi mtunzi. Kikundi kikikaa na tukio hilo tangu mwanzo, milango mingine hufunguka. Karatasi inaweza kuwa nzito na kuchanwa karibu na maikrofoni, hivyo sauti ya mchano ikabeba tendo zima, lakini mtazamaji kiziwi atahitaji kuliona jambo hilohilo kwa ukubwa uleule, pengine kwa vipande kuanguka mbele ya mwanga. Au mhusika wa pili anaweza kusema, “Unaichana?” Mara tu neno hilo linapotamkwa, uhusiano wa wahusika umebadilika: sasa kuna shahidi, siri haiko tena, na aliyechana hawezi kukana katika tendo linalofuata. Uamuzi uliofanywa kwa ajili ya asiyeona umeandika upya msuko wa mchezo. Vivyo hivyo, mkalimani wa lugha ya alama akisimamishwa pembeni ya jukwaa, mtazamaji kiziwi analazimika kuchagua kati ya maneno na uso wa mwigizaji. Akiingizwa ndani ya tukio akawa mhusika, swali linakuwa yeye ni nani kwa wengine, anaonwa na nani, na kwa nini anajua kila kinachosemwa.

Kampuni ya maigizo ya Graeae ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1980 na Nabil Shaban na Richard Tomlinson na ambayo Jenny Sealey, msanii kiziwi, alianza kuiongoza mwaka 1997, imefanya kazi kwa njia hii kwa miongo kadhaa, ikiifuma lugha ya alama na maelezo ya sauti ndani ya mswada na uongozaji. Kwa hiyo usidai kwamba wewe ndiye wa kwanza. Dai jambo mahususi zaidi: kwamba kikundi chako, kikiwa na mchanganyiko wake na lugha zake, kitagundua nini ambacho waliotangulia hawakukigundua, na kwamba ugunduzi huo utaandikwa kwa namna ambayo mwongozaji mwingine anaweza kuuchukua na kuujaribu.

Hapo ndipo penye jibu la msimamizi wako kuhusu hadhi ya sanaa kama utafiti. Mjadala huo ni wa zamani kiasi. Mwaka 1993 Christopher Frayling, akiwa katika chuo cha sanaa cha Royal College of Art, alipambanua utafiti kuhusu sanaa, utafiti kwa ajili ya sanaa na utafiti unaofanywa kupitia sanaa yenyewe, na huu wa tatu umekuwa msingi wa tasnifu nyingi za uzamivu. Mfumo wa kitaifa wa kutathmini utafiti nchini Uingereza, katika tathmini za mwaka 2014 na 2021, uliufafanua utafiti kuwa mchakato wa uchunguzi unaoleta uelewa mpya ambao umewafikia wengine ipasavyo, na ulipokea maonyesho, ngoma na usanifu pamoja na vitabu. Ila zingatia sehemu ya mwisho ya ufafanuzi huo. Onyesho zuri lisiloacha kumbukumbu ya maswali, majaribio, yaliyoshindikana na sababu za kila uamuzi linabaki kuwa onyesho zuri, na msimamizi wako hatakosea kulikataa kama tasnifu. Weka daftari la kikundi tangu siku ya kwanza, na liwe katika namna inayowezekana kwa kila mmoja: video ya lugha ya alama, sauti iliyorekodiwa, michoro, maandishi.

Katika daftari hilo, kitakachokuwa na thamani kubwa kuliko vyote ni migongano. Maandiko mengi ya vyuo huzungumzia ufikivu kana kwamba ni orodha ya vitu vya kutimizwa, na kwamba vikitimia wote watakuwa wametosheka. Katika chumba chenye watu wa aina mbalimbali haiwi hivyo. Kiziwi anahitaji mwanga wa kutosha kwenye uso na mikono ya anayezungumza, na mwanga huohuo unaweza kumuumiza mwenye usonji. Asiyeona anahitaji kila msemaji ajitaje kabla ya kusema, na mwenzake mwenye ulemavu wa akili anaweza kupoteza mtiririko wa hoja kwa sababu ya majina yanayorudiwarudiwa. Mkalimani hubaki nyuma ya msemaji kwa sekunde chache, kwa hiyo kiziwi anapoinua mkono ili ajibu hukuta mtu mwingine ameshadakia na mazungumzo yamehamia kwingine. Anayeliona hilo likitokea mara kwa mara huacha kuinua mkono, na baadaye mtafiti huandika kwamba viziwi hawakuchangia sana. Kikundi kikiweka sharti kwamba hakuna anayeanza kusema hadi mikono ya mkalimani itulie, mwendo mzima wa mazungumzo hubadilika, watu hufupisha maneno, ukimya huingia, na mara nyingi ukimya huo huingia pia katika mchezo. Andika namna mlivyogombana juu ya mambo haya, nani alikubali kupungukiwa na nini ili nani apate, na mlirudi mara ngapi kwenye uamuzi uleule. Hiyo ndiyo data yako, na kwa kweli sijui chanzo kingine cha kuipata.

Kuhusu wenzako wenye ulemavu wa akili, naomba uwe mkweli zaidi kuliko inavyozoeleka. Kuna jadi nzima ya utafiti jumuishi, iliyopewa umbo na Jan Walmsley mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambamo watu wenye ulemavu wa akili hushiriki kama watafiti wenza katika kuchagua swali, kukusanya taarifa na kuzifasiri. Katika sanaa, kampuni ya Back to Back Theatre ya Geelong nchini Australia, iliyoanzishwa mwaka 1987, imejengwa juu ya waigizaji wa aina hiyo wakiwa watunzi wa kazi zao, na mwaka 2022 ilipewa Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen. Uwezo wa kutunga, basi, si jambo la kubishaniwa. Kinachohitaji ukweli ni sura ile ya tasnifu utakayojadili nadharia, ambayo huenda utaiandika peke yako. Usijifanye kwamba mliandika wote. Eleza kinagaubaga katika utangulizi nani alifanya nini, sehemu zipi zilijadiliwa na kikundi kwa maandishi mepesi yenye picha, na zipi hazikujadiliwa na kwa nini. Naona heshima kubwa zaidi katika maelezo hayo kuliko katika sentensi ya jumla inayosema kwamba washiriki wote walikuwa sawa. Na usiishie kuchukua visa vyao tu. Wape nafasi ya kufasiri. Waoneshe rekodi ya jaribio moja na uwaulize kinachoendelea pale ni nini. Ukipata tafsiri inayopingana na yako, iweke katika tasnifu ikiwa na jina la aliyeitoa.

Hilo linanileta kwenye kamati ya maadili, ambayo nadhani haina nia mbaya. Kanuni ya kuficha majina ilitokana na haja halisi ya kuwalinda watu dhidi ya madhara, na kwa mahojiano kuhusu afya au mateso bado inafaa. Lakini ikitumiwa bila kupambanua katika kazi ya sanaa, matokeo yake ni kwamba mtunzi anayeona na kusikia anaandikwa jina lake kwenye jalada, na mtunzi kiziwi anaandikwa “Mshiriki wa 4”. Iandikie kamati barua, na usiombe iondoe ulinzi. Pendekeza ridhaa iliyogawanywa. Mtu anaweza kukubali jina lake litajwe kama mtunzi na mwigizaji, akakataa uso wake uonekane kwenye rekodi ya video, akakubali sauti yake itumike darasani tu, na akataka kisa fulani cha maisha yake kibaki bila jina au kigeuzwe hadithi ya kubuni. Kila kipengele kijibiwe peke yake, na kirudiwe kuulizwa katika hatua kuu za kazi, kwa sababu anayekubali kabla ya kuona mswada hajui bado anakubali nini. Taja pia tarehe ambayo baada yake haitawezekana kujiondoa, kwa mfano siku ya kuwasilisha tasnifu, na usiahidi kwamba kilichokwisha kupandishwa kwenye intaneti kinaweza kufutwa kabisa.

Fomu ya ridhaa yenyewe iwe katika nukta nundu, katika video ya lugha ya alama, katika maandishi makubwa na katika lugha nyepesi. Na iwapo kamati itataka mzazi au mlezi asaini badala ya mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, ielekeze kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Kifungu cha 12 kinatambua uwezo wa kisheria wa watu wenye ulemavu kwa usawa na wengine na kinazitaka nchi ziwape msaada wanaouhitaji katika kuutumia uwezo huo. Msaada huo ni pamoja na muda, mtu wa kuaminika wa kukaa naye, na maelezo yanayoeleweka. Sheria ya nchi yako inaweza kuwa na masharti ya ziada, nayo sharti uyafuate, lakini usiyachukulie kuwa yapo kabla ya kuyasoma.

Fedha ndipo nia njema nyingi zinapovunjika. Kikao kirefu kinahitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hivi, kwa kuwa uchovu wa akili hupunguza usahihi wa ukalimani. Usimgeuze ndugu wa mshiriki kuwa mkalimani ili kuokoa gharama, maana atachuja maneno, na mshiriki hatasema mbele yake yale ambayo angeyasema mbele ya mgeni. Kuna usafiri, kuna wasaidizi binafsi, kuna uandaaji wa mswada katika namna mbalimbali. Na kuna malipo ya watafiti wenza, ambayo nakusihi uyaweke kwenye bajeti kama mstari wa kazi, usiyaite motisha wala zawadi. Katika baadhi ya nchi malipo hayo yanaweza kuathiri ruzuku ya serikali anayopokea mtu, kwa hiyo muulize kila mmoja kabla, na mtafute pamoja njia isiyomdhuru. Ikiwa fedha hazitoshi, punguza idadi ya vikao au ukubwa wa onyesho. Kuwaalika viziwi katika kazi isiyo na wakalimani kwa matumaini kwamba mambo yatajipa ni dhuluma, hata kama wamekubali kwa moyo mkunjufu.

Muda nao uombe mapema. Alison Kafer, mwanazuoni wa taaluma ya ulemavu, aliandika mwaka 2013 kwamba miili na akili za watu wenye ulemavu hazipaswi kupindwa ili zilingane na saa; saa ndiyo inayopaswa kupindwa. Kalenda ya chuo haiijui hoja hiyo. Mwenzako mwenye maumivu ya kudumu atakosa vikao, na wengine watahitaji kurudia kilichokwisha kuamuliwa. Mwaka mmoja kwa kikundi ulichokieleza ni mfupi, na ningependa umwombe msimamizi wako miezi zaidi sasa, ukiwa na mpango mkononi, kuliko umwombe baadaye ukiwa umechelewa.

Jambo moja ambalo hukuliuliza, lakini litakufika, ni namna chuo chenyewe kitakavyowapokea wenzako. Wakiwa waandishi wenza, watataka kuwa nawe katika semina na makongamano, na huko mtakuta jukwaa lenye ngazi, maswali yanayorushwa bila maikrofoni, na picha zinazooneshwa ukutani kwa maneno “kama mnavyoona hapa”. Tuma maandishi ya wasilisho siku kadhaa kabla, ili wakalimani wajiandae na wanaotumia programu za kusoma skrini wayapitie. Eleza kwa mdomo kila picha inayobeba hoja. Tumia maikrofoni hata kama sauti yako ni kubwa, kwa sababu vifaa vya kusaidia usikivu na wanaoandika manukuu hutegemea sauti inayopita humo. Kifungu cha 24 cha Mkataba nilioutaja kinazitaka nchi zihakikishe elimu ya juu inapatikana bila ubaguzi na kwa marekebisho stahiki, na kifungu cha 30 kinasema watu wenye ulemavu wawe na fursa ya kukuza na kutumia vipaji vyao vya ubunifu, sanaa na akili kwa manufaa yao na pia kwa kuitajirisha jamii. Maneno hayo ya mwisho yanafaa kunukuliwa katika pendekezo lako, kwa sababu yanamchukulia msanii mwenye ulemavu kuwa anayetoa.

Jihadhari pia na namna onyesho litakavyopokewa. Stella Young, mwandishi na mchekeshaji wa Australia aliyefariki mwaka 2014, alipinga kwa nguvu tabia ya kuwashangilia watu wenye ulemavu kana kwamba kuishi kwao tu ni ushujaa unaopaswa kuwatia wengine moyo. Watazamaji wakisimama na kupiga makofi kwa huruma, utajisikia umefaulu, na utafiti wako hautakuwa umepata hukumu yoyote ya kisanaa. Waalike wahakiki wachache wenye ujuzi, wakiwamo wenye ulemavu, uwaombe waseme palipolegea, na ulete maoni yao mbele ya kikundi kizima bila kuyachuja.

Kwa hatua za sasa, usiendelee kulipamba pendekezo peke yako. Kutana na watu watatu au wanne wa kikundi, kwa malipo, kabla swali halijafungwa, na waruhusu walibadilishe. Ukiona halibadiliki hata neno baada ya mkutano huo, kuna uwezekano mkubwa kwamba hukuwauliza kwa namna ya kuwapa nafasi. Kisha andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja juu ya haki za mswada: nani anaumiliki, nani anaweza kuuonesha tena bila ruhusa yako, mapato yakija yanagawanywaje, na mwanakikundi akijitoa katikati maneno yake yanafanywaje. Huyo aliyekuuliza watapata nini ukishahitimu awe mmoja wa wanaoyaandika, maana yeye ndiye aliyeuona mwanya huo kabla yako. Mpelekee msimamizi wako swali jipya, mpango wa daftari la kumbukumbu, bajeti na ukurasa huo kwa pamoja, ili ajadili mambo yaliyo mezani badala ya kujadili sanaa kwa ujumla.

Tasnifu itakapokamilika, iandae kwa vichwa vya habari vilivyopangwa ipasavyo na maelezo ya maandishi kwa kila picha, ili programu za kusoma skrini ziweze kuipitia, na utengeneze pia muhtasari wa lugha nyepesi na wa lugha ya alama utakaohifadhiwa maktabani pamoja nayo kama sehemu ya kazi iliyotahiniwa. Omba idhini ya jambo hilo kwa idara yako tangu sasa, kwa sababu kanuni nyingi za vyuo zinatambua karatasi na faili moja tu, na mabadiliko ya kanuni huchukua muda mrefu kuliko mchezo wowote wa jukwaani.